Homa si malaria pekee: Hatari za afya katika Bonde la Kilombero na vyanzo vya taarifa kwa madaktari na matabibu

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

KATA ya Masagati ni miongoni mwa kata za Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, wilayani Kilombero, mkoani Morogoro. Ipo mbali na mji wa Ifakara, yalipo makao ya huduma kubwa za matibabu katika bonde hilo, na kipindi cha masika barabara za udongo hupitika kwa shida. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kwanza anaoufanya tabibu wa zahanati kuhusu mtoto mwenye homa ndio mara nyingi unaoamua iwapo mtoto huyo atapona nyumbani, atapewa rufaa kwa wakati, au atafikishwa hospitali akiwa amechelewa.

Uamuzi huo hutegemea mambo mawili: ujuzi wa hatari zilizopo katika mazingira ya eneo husika, na taarifa sahihi zinazomfikia mtoa huduma mahali alipo. Makala haya yanaeleza hatari kuu za afya katika Bonde la Kilombero, vyanzo vya taarifa vinavyotumiwa na madaktari, matabibu na wauguzi, pamoja na nafasi ya mwananchi katika kuvifanya vyanzo hivyo vifanye kazi.

Mazingira ya bonde

Bonde la Kilombero ni miongoni mwa maeneo oevu makubwa Afrika Mashariki. Mwaka 2002 lilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa eneo oevu lenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 7,967. Mito inayoteremka kutoka milima ya Udzungwa na nyanda za Njombe na Mahenge hujaza bonde kila msimu wa mvua na kulirutubisha. Maji hayo ndiyo yanayowapa wananchi mpunga, samaki na malisho, na ndiyo hayo hayo yanayozalisha mbu, kubeba vimelea vya magonjwa na kukata mawasiliano.

Maisha ya watu wa bonde hufuata maji. Katika msimu wa kilimo familia nyingi huhamia mashambani na kuishi kwenye madungu na vibanda vya muda, mbali na zahanati na mara nyingi bila chandarua kilichotundikwa vizuri. Wafugaji kutoka mikoa mingine wamehamia bondeni na makundi ya ng'ombe, na Reli ya TAZARA inayopita Ifakara na Mlimba huleta wafanyabiashara na vibarua kutoka pande zote. Mtoa huduma anayemuuliza mgonjwa mahali alipolala wiki mbili zilizopita, kazi anayoifanya na wanyama anaowagusa, huwa tayari ameanza kupata nusu ya jibu.

Malaria bado ni tishio la kwanza

Kiwango cha maambukizi ya malaria kwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano Tanzania Bara kimepungua kutoka asilimia 14.8 mwaka 2015 hadi asilimia 8.1 mwaka 2022. Hata hivyo, wastani wa taifa hauondoi ukweli kwamba maeneo ya mabonde yenye maji ya kudumu yanaendelea kubeba mzigo mkubwa zaidi.

Bonde la Kilombero lina historia ya pekee katika mapambano haya. Mwanasayansi wa Uswisi, Rudolf Geigy, alifika Ifakara kwa mara ya kwanza mwaka 1949, na katika miaka ya 1950 ilianzishwa maabara ndogo ya utafiti ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, taasisi ya Kitanzania yenye hadhi ya kimataifa. Kati ya mwaka 1997 na 2000 wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa mahali pa mradi wa usambazaji wa vyandarua vyenye dawa kwa njia ya soko. Tathmini yake ilionesha kuwa matumizi ya vyandarua yalihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wenye umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Matokeo hayo yalichangia kujenga hoja ya mpango wa vyandarua nchi nzima.

Adui naye amebadilika. Tafiti zilizofanyika bondeni zimeonesha kuwa mbu aina ya Anopheles funestus, anayezaliana kwenye maji ya kudumu na kupendelea kuuma watu ndani ya nyumba, ndiye sasa anayeongoza kueneza malaria, ingawa si mwingi kuliko aina nyingine. Mbu huyo ameonesha usugu dhidi ya viuatilifu vya kundi la pairethroidi vilivyotumika kwa muda mrefu kwenye vyandarua. Ndiyo sababu aina za vyandarua vinavyosambazwa hubadilishwa kulingana na ushahidi. Mwananchi anayepewa chandarua kipya hapaswi kudhani kuwa kile cha zamani kinatosha.

Dawa nazo zina historia ya kubadilika. Tanzania iliacha klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001 na kutumia dawa ya SP, kisha mwishoni mwa mwaka 2006 ikaingia kwenye dawa mseto. Kila badiliko lilifanyika baada ya vimelea kuwa sugu. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliothibitisha kuwapo mkoani Kagera kwa vimelea vyenye usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini. Dawa mseto bado zinatibu, lakini taarifa hiyo inamtaka kila mtoa huduma kupima kabla ya kutibu, kutoa dozi kamili na kufuatilia mgonjwa ambaye homa yake haishuki.

Homa isiyo malaria

Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za wagonjwa wa nje jijini Dar es Salaam na mjini Ifakara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionesha kuwa malaria ilipatikana kwa asilimia 10.5 tu ya watoto hao. Asilimia 62.2 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, asilimia 5.9 maambukizi ya njia ya mkojo na asilimia 3.7 homa ya matumbo. Baadhi walikuwa na ugonjwa zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Kwa jumla, asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao hautibiwi kwa dawa za malaria wala za antibaiotiki.

Takwimu hizo zina maana mbili kwa zahanati ya pembezoni. Kwanza, kumpa kila mwenye homa dawa ya malaria kunaficha nimonia au maambukizi mengine yanayoweza kuua. Pili, kumpa antibaiotiki kila ambaye kipimo cha malaria hakikuonesha vimelea kunaongeza usugu wa vimelea dhidi ya dawa, tatizo ambalo Serikali inalifuatilia kwa mpango wa taifa.

Kipimo cha haraka cha malaria nacho kina mipaka yake. Vipimo vinavyotumika sana vinaweza kuendelea kuonesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa kuwa mabaki ya vimelea bado yamo kwenye damu. Vilevile havioni vimelea vya homa ya papasi, ugonjwa unaoenezwa na papasi wanaojificha kwenye sakafu na kuta za udongo, na ambao Geigy mwenyewe aliutafiti kwa muda mrefu. Homa hiyo huja na kuondoka kwa vipindi, na vimelea vyake huonekana kwa hadubini. Mgonjwa anayerudi mara ya pili na homa ileile anastahili kuchukuliwa damu ichunguzwe upya kwa hadubini, badala ya kurudishiwa dozi ileile.

Magonjwa yatokanayo na wanyama

Wafugaji, wachinjaji na wakulima wa mpunga wanakabiliwa na magonjwa yanayotoka kwa wanyama. Mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa mwaka 2006 na 2007 uligusa mikoa 10 ya Tanzania, ukiwemo Morogoro. Wagonjwa 309 waliothibitishwa au kudhaniwa kwa kiwango kikubwa walirekodiwa, na 144 kati yao walipoteza maisha. Tafiti zilizofuata katika Bonde la Kilombero zilionesha dalili kuwa virusi hivyo huendelea kusambaa kwa mifugo hata katika miaka isiyo na mlipuko. Mimba za mifugo kutoka kwa wingi baada ya mvua kubwa ni ishara inayopaswa kumfikia daktari wa mifugo na mganga kwa pamoja.

Homa ya mgunda, inayoenezwa kwa mkojo wa panya na wanyama wengine kupitia maji na matope, huanza kwa dalili zinazofanana na malaria. Kimeta na ugonjwa wa kutupa mimba pia hutokana na kugusa mizoga, kula nyama isiyokaguliwa au kunywa maziwa mabichi. Kwa upande wa kichaa cha mbwa, mtu akishaonesha dalili karibu kila mara hufariki, lakini ugonjwa huzuilika kabisa kwa kuosha jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na kuwahi chanjo. Kuumwa na mbwa, hata kwa jeraha dogo, ni dharura.

Nyoka ni hatari nyingine ya mashambani. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017. Mgonjwa asichanjwe wala kufungwa kamba ya kubana damu. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitembezwe, na afikishwe kituoni haraka.

Mafuriko, mito na magonjwa yasiyosemwa sana

Mvua za El Niño zilizonyesha kuanzia Oktoba 2023 zilisababisha mafuriko katika mikoa mingi. Hadi Aprili 25, 2024, Serikali ilikuwa imetoa taarifa bungeni ya vifo 155 na majeruhi 236 nchini. Baada ya maji kupungua hubaki vyoo vilivyobomoka na visima vilivyochafuliwa, na hapo ndipo kipindupindu hupata njia. Mlipuko ulioanza Agosti 2015 uliendelea kwa takriban miaka mitatu na kuwafikia zaidi ya watu 30,000 nchini. Kifo kwa kipindupindu husababishwa na upungufu wa maji mwilini, hivyo maji yenye chumvi na sukari maalumu yanayoanza kutolewa nyumbani, wakati mgonjwa akipelekwa kituoni, huokoa maisha.

Kichocho hupatikana kwenye maji yaliyotuama na mifereji, na usubi huenezwa na nzi weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Upande wa Mahenge, ng'ambo ya bonde, uhusiano kati ya usubi na kifafa umechunguzwa kwa miongo mingi, tangu daktari Louise Jilek-Aall alipoanzisha huduma kwa wagonjwa wa kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kifafa hutibika kwa dawa za kila siku, na hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa. Kumwachia mgonjwa aungue motoni au azame majini kwa kuogopa kumshika ni kumnyima uhai bila sababu.

Vyanzo vya taarifa kwa mtoa huduma

Mtoa huduma wa Masagati hana mtaalamu bingwa chumba cha pili. Ana vyanzo vifuatavyo, ambavyo vyote vimewekwa ili uamuzi wake ufanane na ule wa mwenzake aliye Morogoro au Dar es Salaam:

• Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Dawa Muhimu, unaotolewa na Wizara ya Afya. Huu ndio msingi wa kuchagua dawa kwa kila ngazi ya kituo. Toleo la zamani likiendelea kutumika, mgonjwa anaweza kupewa dawa iliyokwisha kuondolewa, hivyo mwaka wa toleo ni jambo la kwanza la kuangalia.

• Miongozo ya Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria, inayoeleza upimaji, dozi kwa uzito, na tiba ya malaria kali kwa sindano ya artesuneti. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kumeza, aliye mbali na hospitali, Shirika la Afya Duniani linaelekeza apewe dozi ya kwanza kabla ya kuanza safari ya rufaa.

• Mfumo wa ufuatiliaji wa magonjwa, unaotoa tafsiri sanifu ya kila ugonjwa unaopaswa kuripotiwa. Magonjwa kama kipindupindu, surua, kimeta, kupooza kwa ghafla kwa mtoto na homa za virusi zinazoambatana na kutokwa damu huripotiwa ndani ya saa 24.

• Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), inayopokea taarifa za madhara ya dawa na chanjo na kutangaza dawa zilizoondolewa sokoni.

• Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoanzishwa mwaka 1979, pamoja na Taasisi ya Afya Ifakara, ambazo matokeo ya tafiti zake huingia kwenye miongozo.

• Mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani, uliozinduliwa mwaka 2002, unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya kitabibu bure au kwa gharama nafuu. Hospitali na vyuo vilivyojisajili, vikiwemo vya kanda, vinaweza kuwasaidia watoa huduma wa vituo vidogo kupata makala wanazohitaji.

• Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransis na vyuo vya afya vilivyopo Ifakara, kwa ushauri wa kitaalamu na mafunzo kazini.

• Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo utabiri wake wa msimu humwezesha Mganga Mfawidhi kuagiza mapema vitendanishi, dripu na dawa kutoka Bohari ya Dawa kabla barabara hazijakatika.

Mahali ambapo mtandao wa simu haushiki sawasawa, nakala ya karatasi bado ina thamani. Mwongozo uliochapishwa na kuwekwa mezani, chati ya dozi iliyobandikwa ukutani na namba ya Mganga Mkuu wa Halmashauri iliyoandikwa mlangoni hufanya kazi hata siku isiyo na umeme.

Taarifa inavyookoa: mfano wa Ruangwa

Taarifa haiendi upande mmoja kutoka wizarani kwenda zahanati. Julai 2022 watoa huduma wa Kituo cha Afya Mbekenyera, wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, waliona wagonjwa wenye homa, uchovu, kuumwa kichwa na kutokwa damu puani. Hawakuuita ugonjwa huo malaria na kuishia hapo. Walitoa taarifa, wataalamu wakatumwa, sampuli zikachukuliwa. Vipimo viliondoa uwezekano wa Ebola, Marburg na UVIKO-19, kisha ikathibitika kuwa ni homa ya mgunda. Wakati Wizara ya Afya inatangaza matokeo hayo, wagonjwa walikuwa 20 na vifo vitatu. Ugonjwa huo hutibika kwa antibaiotiki za kawaida, ilimradi ujulikane.

Milipuko ya Marburg mkoani Kagera nayo ilitoa somo hilo hilo. Mlipuko wa Bukoba uliotangazwa Machi 21, 2023 ulidhibitiwa na kutangazwa kumalizika Juni 2 mwaka huo. Ule wa Biharamulo uliotangazwa Januari 20, 2025 ulitangazwa kumalizika Machi 13, 2025. Katika hali zote mbili, kazi kubwa ilikuwa kuwatafuta watu waliokutana na wagonjwa na kuwafuatilia siku baada ya siku, kazi isiyowezekana bila wananchi kusema ukweli kuhusu walikokuwa na waliokutana nao.

Wajibu wa mwananchi

Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inaweka msingi wa kutoa taarifa za magonjwa ya kuambukiza. Pamoja na sheria hiyo, mwananchi wa Masagati na maeneo mengine ya bonde anakumbushwa yafuatayo:

• Mtoto mwenye homa apelekwe kituoni siku hiyo hiyo au siku inayofuata. Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au anayelegea na kupoteza fahamu ni mgonjwa wa dharura.

• Mgonjwa akubali kupimwa kabla ya kupewa dawa, na asimlazimishe mtoa huduma kumpa dawa ya malaria ikiwa kipimo hakikuonesha ugonjwa huo. Akirudi nyumbani na hali isipobadilika, arudi kituoni.

• Chandarua kiende shambani pamoja na jembe. Familia inayolala kwenye dungu inahitaji kinga ile ile ya nyumbani.

• Mjamzito ahudhurie kliniki mapema. Vifo vya uzazi nchini vilipungua kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi 104 katika ule wa mwaka 2022, na mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama unapatikana kwa kupiga simu namba 115 bila malipo.

• Vifo vya ghafla vya mifugo, ugonjwa usioeleweka au watu kadhaa kuugua kwa dalili zinazofanana vitolewe taarifa kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ofisi ya kijiji au kituo cha huduma za afya, au kwa kupiga simu namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo.

Zahanati ya kijijini ni mahali pa kwanza ambapo nchi inaweza kuona ugonjwa mpya ukiingia. Mganga aliye na mwongozo wa sasa, vitendanishi vya kutosha na mwananchi anayemweleza ukweli, huweza kuutambua ugonjwa huo ukiwa bado kwa mgonjwa mmoja.